Foleni ya Pili

Baba yangu alituokoa kwa kutotutazama.

Tuliishi ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kijiji cha mlimani alikoolewa mama, mzaliwa wa Inyonga. Siku ninayoanzia ilikuwa ya soko. Muhogo umeanikwa, watu wanapiga soga, na wakati huohuo tunachagua: sisi wa mlimani tupate tarafa yetu na mwakilishi wetu, au tuendelee kuamuliwa mambo na watu wa bondeni? Karatasi hazikuwepo. Anayetaka tarafa alisimama nyuma ya mwalimu mstaafu. Asiyetaka, nyuma ya chifu wa bondeni. Kila mtu alimwona mwenzake. Tuliona fahari kwa uwazi huo.

Baba alisimama mbele kabisa, nyuma ya mwalimu. Mama, nyuma yake, akamtania.

"Baba Shukuru, kifua chote hicho! Umeshakuwa gavana?"

"Bado. Nikipewa gari nitakupa lifti."

Foleni yetu ilikuwa ndefu zaidi. Watu wa bondeni walikataa matokeo, wakasema ardhi ni yao. Mvua zilipoanza, walikuja na bunduki, wakatukusanya palepale sokoni.

"Jipangeni kama siku ile."

Na watu wakajipanga. Kila mmoja alirudi mahali pake, kwa sababu jirani yake alikuwa anajua ni wapi. Hakuna aliyetaka kuonekana mwongo.

Mama alinishika mkono, akanivuta hadi foleni ya pili, ile ya chifu.

Mwenye bunduki akamuuliza baba, "Mkeo yuko wapi?"

"Alirudi kwao Tanzania."

Hakugeuza shingo.

Foleni ya pili ikaruhusiwa kuondoka. Tulipofika kwenye migomba, tulisikia milio. Hatukurudi.

Boti ya wavuvi ilituvusha hadi Karema. Mjomba alitupokea Inyonga, akampa mama shamba la mahindi karibu na mizinga yake ya nyuki.

Uchaguzi wa kijiji uliopita, mama alikubali kwenda kwa mara ya kwanza. Alimuuliza karani, "Mwanangu, wagombea wako wapi, nisimame nyuma yao?"

"Wagombea? Bibi, nyie! Chukua karatasi, ingia pale peke yako. Asikuchungulie mtu."

Alikaa mle ndani hadi watu wakaanza kunung'unika. Akatoka na uso wa mtu aliyetua mzigo wa kuni.

"Umempa nani, dada?" mjomba akauliza.

"Hayakuhusu."

Mama akacheka. Njia nzima mjomba alimbembeleza, naye akawa anakataa na kucheka. Tangu tuvuke ziwa sikuwa nimemsikia hivyo.

Ng'ambo, mlima bado hauna tarafa wala mwakilishi. Mvuvi mmoja anasema alimwona baba akiuza chumvi katika soko la bondeni. Jirani yetu wa zamani anasema alimzika kwa mikono yake. Wote wawili walimfahamu vizuri.