Helikopta Iliyokwama Goti

Maduka ya Nakuru hayakufungii kitu kabla hakijajaribiwa hapo kaunta, maana kikishatoka mlangoni hakirudishwi. Wiki hii nilipanga foleni na balbu yangu mkononi. Mbele yangu alisimama mwanamume mwenye ovaroli, viatu vimejaa vumbi la mitambo ya umeme ya Olkaria. Muuzaji, dada mwenye kucha ndefu nyekundu, alikuwa akimjaribia roboti ya plastiki inayogeuka helikopta. Akaikunja miguu, akaivuta mgongo, mapanga ya helikopta yakachomoza.

"Iko sawa, boss."

"Hiyo imekubali haraka sana," mwanamume akasema. "Nipe ingine."

Ya pili ilikwama goti. Muuzaji akaomba radhi, akatoa bisibisi alegeze skrubu.

"Wacha hivyo hivyo. Hiyo ndiyo nataka."

"Sasa unataka yenye shida?"

Mwanamume akaipokea kwa mikono miwili. "Mimi hulala huko kazini. Nyumbani nafika Jumapili mbili kwa mwezi. Ile nilinunulia kasichana kangu mara ya mwisho, aliigeuza mara moja, akatoka nje kucheza na wenzake. Hii lazima ataniita nimsaidie."

Nimezeeka nikipima vitu kwa jinsi vinavyonipunguzia kazi. Muuzaji alichukua bisibisi, akaikaza ile skrubu ya goti kidogo zaidi, kisha akafunga boksi.