Mtu wa Kumwaga Maji

Wiki ile ya mwisho Vartuhi hakuwa na shida ya vitu. Mwanawe Ara alikuwa ameshavipanga vyote kwa simu kutoka Houston: masanduku mawili na mkoba wa dawa tu, basi. Sufuria za shaba zingechukuliwa na watu wa kanisani, makochi yangechukuliwa na yeyote atakayeyataka. Nyumba yenyewe ilikuwa imenunuliwa na mjenzi aliyekusudia kuibomoa na kujenga nyingine kubwa zaidi, kama zilivyobomolewa nyumba nyingi za mtaa ule wa Annandale, jimboni Virginia. Hayo yote alikuwa ameyameza. Kilichomnyima raha ni mtu. Alitaka mtu mmoja tu abaki mlangoni siku ya Jumamosi, ameshika jagi la maji, na gari likianza kuondoka ayamwage nyuma yake.

Kwa Waarmenia wa zamani jambo hilo halina hata haja ya kuombwa. Msafiri akishatoka, wa nyumbani humwaga maji alipopita, ili njia iwe laini kwake, aende asijikwae, na Mungu akipenda arudi. Msafiri hawezi kujimwagia. Lazima awepo anayebaki.

Vartuhi, mwenye miaka themanini na saba, aliwapitia kichwani watu wake wote waliobaki Virginia, Maryland na Washington kwenyewe, akaona kwamba hakuna. Azniv, rafiki yake wa kunywa naye kahawa, alikuwa amefariki wakati wa baridi. Padri alikuwa kijana mwema, ila Jumamosi ile alikuwa na harusi. Wapo kina mama wa kanisani, lakini wale humjia mwezi wa nne, siku ya kuwakumbuka Waarmenia waliouawa. Humkumbatia, humwita bibi, hupiga naye picha kwa sababu mama yake alinusurika mauaji yale akiwa mtoto. Ukifika mwezi wa tano simu yake hailii tena.

Alibaki Leokadia. Huyu alikuwa mama wa Kitanzania, mzaliwa wa Muleba, aliyeletwa na kampuni ya kuhudumia wazee. Alikuwa akija kutoka Hyattsville kwa mabasi, Jumatatu hadi Ijumaa, akimwogesha, akimpikia, akimpa vidonge. Kiingereza wote wawili walikipata ukubwani, kila mmoja na cha kwake, na labda kwa sababu hiyo walielewana kuliko Ara alivyowaelewa.

Jumatano walikuwa jikoni wanafunga vyombo. Leokadia alifungua kabati la chini, akasimama akishika kiuno.

"Mama, achari hizi zote unampelekea nani?"

"Chukua wewe."

"Mimi? Kalisti akisikia harufu hii atahamia kwenye gari."

"Mume anayekimbia kabichi ni mume gani? Nshan wangu alikuwa anakunywa mpaka maji yake."

"Ndiyo maana akatangulia," alisema Leokadia, na Vartuhi akacheka hadi akashika meza.

Alipopata pumzi aliona kwamba sasa ndipo pa kusema, maana alikuwa ameitafuta nafasi hiyo tangu asubuhi.

"Leokadia, Jumamosi utakuja?"

"Jumamosi si siku yangu, Mama. Ijumaa ndiyo mwisho, kampuni imeshaniandikia."

"Najua. Nauliza kama utakuja kama mtu."

Akamweleza habari ya maji. Alieleza haraka haraka, macho yake yakiwa kwenye chupa za achari, kama mtu anayeomba kitu kikubwa. Leokadia alisikiliza hadi mwisho, uso wake ukizidi kukunjamana.

"Nikumwagie maji?"

"Si mimi. Nyuma yangu, ninapopita."

"Mama, kwetu mgeni akitoka hata ufagio hatugusi mpaka apotee machoni. Ukifagia umemfukuza. Sasa maji? Maji anamwagiwa mbwa aliyeingia jikoni." Alitikisa kichwa. "Nimekuogesha miaka mitatu. Halafu siku ya kuagana nikumwagie kama uchafu? Mkono wangu hautakubali."

"Basi, binti yangu," alisema Vartuhi. "Nilikuwa nauliza tu."

Alichukua gazeti, akaendelea kufunga vikombe ambavyo vilikuwa vimeshafungwa.

Siku ya pili, Leokadia alipokuwa chini akifua, Vartuhi alichukua fimbo yake akavuka barabara. Katika nyumba ya mbele waliwahi kuishi Wakorea, mume na mke, waliokuwa wakimletea pilipili za bustanini. Walihamia kwa binti yao. Waliokuja baada yao hakuwajua majina, ingawa ilikuwa ni majira ya pili ya joto tangu wafike. Alibonyeza kengele, ya zile zinazounganishwa na simu ya mwenye nyumba. Taa ndogo ya buluu ikawaka, na sauti ya kijana ikatoka ukutani.

"Weka hapo hapo mlangoni. Asante."

"Sina mzigo," alisema Vartuhi. "Mimi ni jirani."

"Nani?"

"Jirani. Nyumba yenye mzabibu."

"Ah. Niko kazini, Herndon. Kuna tatizo? Nikuitie watu wa dharura?"

Vartuhi aliutazama ule mlango. Angeanzia wapi? Mambo ya mama yake, ya bibi yake, ya jagi, ayaambie kengele?

"Hapana," alisema. "Nilikuja kuaga. Nahama."

"Oh. Safari njema basi," alisema kijana, na alisema kwa upole kabisa. Taa ikazimika.

Jioni Ara alipopiga simu, mama yake alimgusia habari ya maji. Ara alikuwa mtu wa kutafuta njia ya mkato.

"Mimi nitamwaga, Mama. Nitamwaga halafu nipande gari."

"Wewe unaondoka na mimi. Hapo utakuwa umemwaga maji tu."

Ara alikumbuka. Alipokuwa kijana akienda chuoni, mama yake alimwaga jagi zima nyuma ya gari la rafiki zake, wakacheka, naye akafunga kioo bila kupunga mkono. Hakuna aliyewahi kulitaja jambo hilo.

"Pole, Mama," alisema baadaye, na haikujulikana pole ile ilikuwa ya lipi.

Ijumaa ilikuja na joto la kulainisha lami. Leokadia alimwogesha kwa mara ya mwisho, taratibu kuliko siku zote, akimmwagia maji mgongoni kwa jagi la plastiki. Alipokuwa anamfunga vifungo vya gauni alisema, "Tangu juzi umekuwa mkimya. Umenikasirikia?"

"Hapana."

"Mama, mimi nakujua."

Hapo Vartuhi alimsimulia, ameketi ukingoni mwa kitanda, nywele zikiwa bado zimelowa.

Mama yake, Makruhi, alizaliwa Kharpert, katika dola ya Osmani. Mwaka 1915 serikali ilipoamua kuwaondoa Waarmenia katika nchi waliyoishi tangu kale, wanaume wa mtaa wao ndio waliotangulia kuchukuliwa, na hawakurudi. Kisha ikaja amri kwa wanawake na watoto: tokeni, mnapelekwa kusini. Asubuhi ya kutoka, bibi yake Vartuhi alikuwa ameshafika njiani akakumbuka maji. Alirudi mbio, akachota, akasimama mlangoni na jagi lake. Akatazama juu, akatazama chini. Mtaa mzima ulikuwa barabarani. Hakukuwa na wa kumwachia. Ng'ambo ya njia kulikuwa na jirani Mturuki, mwanamke waliyepelekeana mikate ya Pasaka na vitamu vya Idi. Alikuwa nyuma ya dirisha la mbao, na vidole vyake vilionekana. Bibi aliliweka jagi kizingitini, likiwa limejaa, akalisogeza kidogo kuelekea upande wa yule jirani. Kisha askari akamsukuma.

"Alitoka?" aliuliza Leokadia.

"Hakutoka. Mama yangu aligeuka akitazama mpaka kwenye kona."

Bibi alifia njiani. Mdogo wake Makruhi alichukuliwa na watu wasiojulikana wakati wa kuvuka mto Frati, na hakuna aliyemwona tena. Makruhi alifika Aleppo peke yake, akalelewa katika nyumba ya yatima, akaolewa, akazaa. Maisha yake yote aliamini kwamba yale yote yaliwapata kwa sababu maji yalibaki kwenye jagi.

"Na wewe unaamini hivyo?"

"Mimi nimesoma. Najua maji hayazuii bunduki." Vartuhi alijifuta shingo. "Lakini nilipoolewa Beirut, mama yangu alimwaga, na nilifika salama, nikakaa miaka mingi. Tulipokimbia Beirut wakati wa vita hatukumwagiwa na mtu, jengo zima lilikuwa linakimbia. Na sasa hapa. Hapa hakuna vita, Leokadia. Hakuna askari. Nimeishi nyumba hii muda mrefu kuliko nyumba yoyote duniani, na hakuna mtu wa kubaki."

"Huyo jirani alikuwa mbaya?"

"Mama alisema hapana. Waliowasaidia Waarmenia walitishiwa kuuawa. Aliogopa."

Leokadia alitandika kitanda ambacho kesho yake kisingelaliwa na mtu. Halafu alichukua simu akatoka uani. Dirishani Vartuhi alimsikia akiongea Kiswahili. Maneno hakuyaelewa, ila sauti aliielewa: ilianza na kicheko, ikawa ya kubembeleza, ikaisha kwa maneno mafupi. Leokadia aliporudi hakukaa.

"Kesho nina zamu kwenye nyumba ya wazee, kulekule Hyattsville. Nimemwomba Edah abadilishane na mimi, yule Mkenya. Hawezi, mtoto wake ana kipaimara kesho. Na nikikosa bila mtu wa kunishikia, nimekosa kazi."

"Usikose."

"Nikumwagie leo? Sasa hivi. Nitafumba macho."

"Leo siendi popote, binti yangu."

Hawakulirudia. Walikula wali na dengu kwenye sahani za karatasi. Muda wa Leokadia ulipofika alivua eproni, akaikunja, akaitia kwenye mfuko pamoja na chupa za achari alizokubali kubeba. Alimkumbatia Vartuhi, akamwambia ale, asiruke dawa za usiku, amwambie Ara kwamba goti linalouma ni la kushoto. Kisha akafungua mlango.

"Subiri," alisema Vartuhi.

Alikwenda bafuni kwa fimbo yake. Majagi ya jikoni yalikuwa yamefungwa, lakini lile la plastiki lilikuwa bado kando ya beseni. Alilijaza. Mpaka afike sebuleni nusu ilikuwa imemwagikia zulia ambalo halikuwa na mwenyewe tena.

"Mama, utaanguka!"

"Nenda."

"Mama, mimi naenda tu kupanda basi."

"Unaondoka nyumbani kwangu. Mpaka kesho asubuhi mimi ndiye mwenye nyumba. Nenda, na usigeuke."

Leokadia alimtazama, akalitazama jagi. Kisha akashuka ngazi, mguu mmoja mmoja, chupa zikigongana mfukoni. Vartuhi aliegemeza bega kwenye mwimo wa mlango, akaachia fimbo, akashika jagi kwa mikono miwili. Alimwaga. Maji yaliteremka ngazi zote, yakamfikia Leokadia kwenye visigino na kumlowesha viatu vya kazi. Leokadia alisimama. Mabega yake yalipanda yakashuka. Hakugeuka, kwa kuwa aliambiwa asigeuke. Alisema kitu katika lugha ya kwao ambacho Vartuhi hakukielewa, akaendelea hadi kwenye kona ya kituo cha basi.

Vartuhi alibaki mlangoni. Ngazi zilikauka upesi kwa lile joto. Mama yake alimsimulia habari za walioondoka tu, wala hakumwambia kusimama mlangoni kulivyo. Vartuhi hakujua kwamba mwendo kutoka bafuni hadi kizingitini ungeweza kumaliza nguvu zote za mtu. Alimfikiria yule mwanamke wa Kharpert nyuma ya dirisha lake la mbao. Hakumsamehe, haikuwa kazi yake kumsamehe. Lakini kwa mara ya kwanza alimwona ana uso.

Asubuhi Ara alifika na gari la kukodi, akapakia masanduku, akazunguka vyumbani akizima taa zilizokwisha kuzimwa. Alifunga mlango, akaacha ufunguo mahali alipoelekezwa na mjenzi. Alipofika kwenye gari alisita, akatazama nyuma, akatazama bomba la bustani, akamtazama mama yake. Vartuhi alitikisa kichwa. Ara akaingia.

Gari lilipoanza kwenda, Vartuhi aligeuka kwenye kiti kadiri shingo yake ilivyokubali. Ngazi zilikuwa tupu na kavu, mlango umefungwa.

"Umesahau kitu, Mama?"

"Hapana. Naangalia tu."

Walipita kituo cha basi, wakapita maduka ya Wakorea. Kisha Vartuhi alisema, "Ukienda kazini asubuhi, nyumbani kwako hubaki nani?"

"Tangu tulipoachana na Abigail? Hakuna mtu."

"Sasa nitabaki mimi."

Ara aliitazama barabara. "Ni ghorofa ya nne, Mama. Nje ya mlango ni korido, ina zulia."

"Litakauka."

Ara alikuwa anatafuta upenyo wa kuingia barabara kuu, na asubuhi ile magari yalikuwa mengi.