Rangi ya Kucha Juu ya Skrubu

Asubuhi ya Jumamosi, umande bado haujakauka kwenye nyasi za uwanja wa shabaha ulio juu ya mji wa Danao, na Felicitas Batucan hajaweza kukaa kitini. Anakaa, anainuka. Anaizunguka meza. Anaigusa karabini yake iliyolala kwenye mfuko wazi, anaiacha, anakwenda kutazama mawingu, anarudi kuigusa tena.

"Fely, kaa basi, unanitia kizunguzungu," anasema Epifanio Capuras, msimamizi wa uwanja, mdomo umejaa puso, wali uliofungwa kwa majani ya mnazi. "Bunduki haikimbii."

"Kula, Manong Pidyong," Fely anamjibu kwa jina ambalo uwanja mzima humwita, Manong ikiwa ni kaka mkubwa. "Nikikaa nitaota mizizi hapa."

Leo ni mchujo. Kanda inatafuta mwanamke mmoja wa kumpeleka mashindano ya taifa katika kundi la karabini, zile bunduki fupi zinazokula risasi za bastola. Alama za leo zitajumlishwa na za mchujo wa pili, kisiwani Bohol, mwezi ujao. Mwenye nyingi ndiye atakayekwenda.

Fely ana miaka hamsini na mmoja. Nafasi hiyo anaitaka kuliko kitu chochote alichopata kukitaka tangu alipotaka kuolewa, na mumewe, Ando, husema hata kuolewa hakukutaka hivyo.

Kazi yake ni ufundi bunduki. Alizaliwa katika nyumba yenye jiliwa sebuleni, enzi zile ambazo watu wa Danao walichonga bunduki kwa kificho, tupa zikinyamaza kila gari geni lilipopita. Siku hizi anafanya kazi mchana kweupe, kwenye karakana yenye leseni iliyopakana na uwanja. Mwezi mzuri humwachia kama peso elfu kumi na tano. Ukija msimu wa mvua, hupungua.

Kwa miaka mingi alishindana kwa bastola. Kisha macho yakaanza mambo yao.

"Kwa bastola ya kawaida unapanga vitu vitatu: cha nyuma, cha mbele, na shabaha," anaeleza. "Cha mbele kikaanza kuwa kama ukungu. Nikawa napiga kwa kukumbuka tu. Nikasema basi, nimezeeka, nitabaki kutengenezea wenzangu."

Ndipo karabini zikaingia uwanjani. Juu yake hukaa kioo chenye nukta moja nyekundu. Unaiweka nukta unapotaka, unafyatua. Siku ya kwanza kuchungulia kioo hicho, Fely aliiona shabaha yote, mpaka tundu za jana zilizozibwa kwa gundi.

Kuchagua kulimchukua muda. Klabu ilikuwa na tatu za kuazimisha wanachama. Ya kwanza, ya kigeni, ilikuwa ndefu na ya kupendeza, lakini nzito kwa mbele. "Kama kubeba mkungu wa ndizi kwa kuushika mkia," anasema. Ya pili ilikuwa nyepesi, ila ilidai magazini zake yenyewe, vile visanduku vya risasi, na yeye ana kapu zima la magazini za bastola yake ya zamani. Akachukua ya tatu. Mtutu mwembamba, rangi imebanduka, inakula magazini zilezile.

Manong Pidyong alicheka siku hiyo. "Umemwacha mchumba mwenye gari ukamfuata wa baiskeli."

"Wa baiskeli ananitosha mikononi," Fely alimjibu.

Kisha akaanza kuipanga. Mikono yake ni mifupi, kwa hiyo kitako cha bunduki alikisukuma ndani mpaka kikomo ili shavu likae mahali pake bila kunyoosha shingo. Alilainisha kifyatulio mpaka kikawa hakikwaruzi. Alijaribu risasi za aina mbalimbali, akapata moja ambayo bunduki huila na kutema maganda bila kukwama. Akapiga karibu, akapiga mbali, akaandika moyoni kila risasi inapoangukia.

Mwisho akachukua rangi ya kucha.

Katika karakana za Danao bunduki ikipita jaribio la mwisho, fundi huvuta mstari wa rangi ya kucha kutoka kwenye kichwa cha skrubu mpaka kwenye chuma cha pembeni. Skrubu ikijizungusha hata kidogo, mstari hukatika, unaona. Lakini rangi ina maana nyingine pia: toa mkono, kazi imekwisha.

"Fundi anayerudi kukwangua rangi ni mgonjwa," Fely hupenda kuwaambia wateja, na wateja hucheka, maana mgonjwa wanamjua.

Ijumaa mchana, siku moja kabla ya mchujo, alikwangua.

Shingo ilikuwa inamuuma kwa kuinamia jiliwa. Akaona akikinyanyua kioo kidogo hatahitaji kuinamisha kichwa. Akaweka kipande cha chuma chini yake, unene wa kidole. Akaenda kwenye shabaha za mbali, akarekebisha, risasi zikaingia katikati. Akapaka rangi upya, akarudi nyumbani akiimba.

Jumamosi hiyo mpinzani wake mkubwa anafika saa mbili, miwani kichwani. Marivic Ybañez ana miaka ishirini na tisa na anauza dawa katika duka mjini. Karabini yake, kuanzia kitako mpaka mdomo wa mtutu, imepangwa na Fely.

"Manang, ukinishinda leo nataka pesa yangu irudi," anasema Marivic, akimwita dada mkubwa.

"Ukishinda wewe, ni kazi yangu. Ukishindwa, ni mikono yako."

"Haya, nimeshasikia kiapo cha mafundi."

Zamu ya Fely inafika. Saa inalia, naye anaondoka kama aliyefungiwa siku nzima. Anapiga za mbali akitembea, anapita ukuta wa kwanza, wa pili. Watu waliokuwa wakipiga soga wanageuka kutazama. Hakuna mwanamke aliyepita pale haraka hivyo asubuhi hiyo.

Kona ya mwisho shabaha iko karibu, kiasi cha kuigusa kwa mkono. Mbele yake kuna karatasi nyeupe ambayo wachezaji huiita mateka, kwa sababu ukiipiga unakatwa alama. Imefunika kila kitu isipokuwa sehemu ndogo ya kichwa. Fely anaiweka nukta pale alipozoea, vidole viwili juu ya anapotaka risasi iingie. Anafyatua mara mbili.

Manong Pidyong anakwenda kutazama. Anarudi polepole. "Mateka, mbili."

"Haiwezekani."

"Njoo uone mwenyewe. Ukingoni juu, chini kidogo ya kichwa."

Fely anaangalia tundu mbili zilizokaribiana kama macho. Anaitoa magazini, anaonyesha kwamba chemba, pale risasi inapokaa, ni tupu, anaweka kibendera cha usalama. Kisha anasimamisha vidole vyake kati ya kioo na mtutu. Kimoja, viwili. Cha tatu kinaingia.

"Ah," anasema. "Kidole."

Risasi haitoki kwenye nukta, inatoka kwenye mtutu, chini yake. Kwa mbali, fundi huzikutanisha nukta na risasi. Kwa karibu bado hazijakutana, na risasi hupiga chini ya nukta kwa kadiri ya nafasi iliyopo kati ya kioo na mtutu. Kila mpiga karabini anajua. Fely aliinua kioo, akajaribu mbali, akasahau karibu. Mkono wake ulikuwa bado unakumbuka vidole viwili.

Bila mateka huyo angeongoza. Marivic ameondoka na uongozi mwembamba.

"Bunduki ingekwama, ningeitukana," Fely alimwambia Ando alipofika nyumbani. "Sasa nimtukane nani?"

Jumatatu alitoa kile kipande cha chuma. Alipiga karibu, akapiga mbali, akapaka rangi, kisha akachukua alenki ndogo ya kufungulia skrubu za kioo, iliyo pekee ya saizi yake karakana nzima, akampa Ando, ambaye huchomelea mageti upande wa pili wa ua.

"Usinipe mpaka nitoke Bohol. Hata nikilia."

"Hata ukinipikia," alisema Ando.

Siku mbili baadaye Marivic alikuja na mfuko wake. Alikuwa amekiona kioo cha Fely kilivyoinuliwa siku ile.

"Manang, hata mimi shingo inaniua. Niwekee kama ulivyoweka kwako."

Kazi yenyewe ni ya muda mfupi, na mteja ni mteja. Alenki ilikuwa upande wa pili wa ua tu. "Sitasema sikufikiria," anakiri Fely. "Nilifikiria mpaka masikio yakapata moto. Mchujo umebaki mmoja, na yeye hana muda wa kufanya mazoezi upya."

Alikwenda kunawa mikono. Akarudi, akaitazama bunduki, akaizunguka meza.

"Kuinua kioo ndiko kulikoniua Jumamosi," alisema hatimaye, akamwonyesha kwa vidole.

Marivic aliuvuta mfuko wake karibu. "Kwa nini unaniambia?"

"Bunduki hiyo ni kazi ya mkono wangu. Ikikosa, mjini watasema Fely ameiharibu. Na nikikushinda nataka nikushinde ukiwa mzima."

"Hutanishinda."

"Basi lete hizo skrubu nizipake, uache kuzitamani."

"Rangi gani mbaya hivi, Manang?"

"Ya bei rahisi. Tulia, isichirizike."

Fely amemwambia Manong Pidyong kwamba akiipata nafasi, atarudi afundishe karabini kwa wanawake walioacha bastola kwa sababu ya macho. Anawajua kwa majina. Baadhi yao huja uwanjani kuuza chakula tu siku za mashindano.

Mchana mmoja kabla ya Bohol, anapiga tupa bastola ya mteja. Karabini yake iko kwenye sanduku la chuma nyuma yake, na kila baada ya muda anageuka kulitazama. Mwishowe anaweka tupa chini, anavuka ua.

"Ando, nipe alenki mara moja tu. Nahisi skrubu moja haijakaza."

"Mstari umekatika?"

"Haujakatika."

Ando anazima mashine, anavua glavu, anageuza mifuko yote miwili ya suruali nje. Hakuna kitu.

"Jana nilimpa nahodha wa meli ampelekee dada yako Bohol," anasema. "Atakupa ukimaliza kupiga."

Fely anamkodolea macho, kisha anacheka mpaka anashika geti.

"Basi nitaifuata huko," anasema, na anarudi kwenye jiliwa.