Wazee Wawili Waliobadilishana Kabila

Katikati ya miaka ya tisini, baba yangu alianza kukaa nyuma ya zizi muda mrefu kuliko kazi yenyewe ilivyodai. Mkojo ulikuwa unamchezea: unamwita, akifika haupo. Mimi nilikuwa mtaalamu wa maabara katika hospitali moja ndogo, lakini nilikuwa mtu wa mwisho ambaye angemwambia. Kwetu Wakipsigis, baba hamwelezi binti yake habari za chini ya mshipi.

Kwa hiyo alimtuma rafiki yake. Huyu alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha chai, Mjaluo aliyetoka ziwani kabla sijazaliwa. Naye pia nilimwita baba.

"Binti yangu," alianza, akiwa amekaa jikoni kwetu na kikombe mkononi, "kuna mzee fulani mkojo unamsumbua."

"Mzee yupi?"

"Mzee fulani tu. Ana ng'ombe wanne na sweta ya kijani."

Baba, ndani ya sweta yake ya kijani, alikuwa amesimama mlangoni akiangalia majani ya chai huko nje kana kwamba hajawahi kuyaona.

"Na wewe, baba, huna shida?"

Fundi alikohoa. "Mimi ni mzee fulani wa pili."

Wakaja hospitali Jumatatu, wote wamevaa makoti ya kanisani. Daktari wetu wa upasuaji alikuwa mgeni katika sehemu zetu, mtu mpole. Kila mwanamume aliyekuja na shida ya tezi dume, ile tezi iliyo chini ya kibofu, alimwuliza umri, ndugu zake, na kabila. Alikuwa amesoma kwamba ng'ambo ugonjwa huu hauwapati watu wa asili zote kwa kiasi kimoja, akataka kujua hali ya kwetu.

Kisha akavaa glavu, maana tezi hiyo hupimwa kwa kidole kupitia nyuma. Hapo sikuwepo, namshukuru Mungu, ila sauti ya baba, yenye lafudhi ya kwetu, niliisikia kupitia ukutani: "Taktari, sasa naelewa ng'ombe yangu!" Fundi, aliyekuwa akingoja zamu yake kwenye benchi, alicheka mpaka nesi akamkemea. Alipoingia yeye, hatukusikia kicheko tena.

Daktari hakupenda alichokigusa kwa wote wawili. Alitoa vipande vyembamba vya nyama kwa sindano, tukavitia kwenye chupa zenye namba ili vipelekwe Nairobi. Nilipokuwa nikinakili fomu zao ndipo nilipoona: baba yangu ameandikwa Mjaluo, na fundi ameandikwa Mkipsigis.

Nikawafuata nje. "Hii ni nini?"

"Tumebadilishana," alisema fundi. "Njia nzima baba yako ananiambia huu ni ugonjwa wa watu wa samaki."

"Na yeye anasema ni wa watu wa maziwa ya mursik," baba akasema, akimtazama fundi, si mimi. "Sasa acha hiyo mashine ya Nairobi iseme. Kama inajua kapila, itatushika."

Miaka ile kabila halikuwa jambo la mzaha katika sehemu zetu. Watu walikuwa wamefukuzwa makwao kwa sababu yake, na fundi mwenyewe aliwahi kukaa siku tisa amefichwa ndani ya ghala letu la mahindi. Labda ndiyo maana kuwaona wazee hawa wakilifanyia utundu kulinifurahisha mno. Nilicheka, nikaziacha fomu zilivyo. Hilo lilikuwa kosa langu.

Majibu yalichukua wiki kadhaa. Tezi ya baba ilikuwa imekua tu, kama inavyokua kwa wazee wengi. Ya fundi ilikuwa saratani.

Fundi alitaka baba awepo chumbani, na baba akataka mimi niwepo, jambo ambalo hajawahi kulitaka tena. Daktari alieleza polepole, kisha akafungua daftari lake. "Na wewe, mzee, ni Mkipsigis..."

Nilikiri pale pale. Nilitaka kuingia chini ya meza. Daktari aliweka kalamu chini, akatutazama mmoja mmoja, halafu mabega yakaanza kumtikisika.

"Aliyesoma vipande hivi alipewa namba tu," alisema alipomaliza kucheka. "Ameona chembe za mwili. Kabila hakuliona."

"Kwa hiyo ni ya nani, hii ugonjwa?" baba akauliza.

"Sijui, mzee. Marekani, watu weusi inawapata zaidi, na mara nyingi inawapata mapema na kwa ukali. Wengine wanasema tofauti iko kwenye chembe zenyewe. Wengine wanasema ni chakula, au ni kuchelewa kufika hospitali. Huenda yote yamo. Kwetu hapa hatujawahesabu watu vya kutosha, na mkinidanganya sitajua kamwe." Akamgeukia fundi. "Ninachojua ni kwamba wana wako wakifika miaka arobaini, waje wapimwe. Damu ya familia ina maana zaidi kuliko jina la kabila."

Tiba iliyokuwepo ilikuwa upasuaji wa kuondoa korodani, ili saratani ikose kichocheo chake. Baba alishika kichwa. Fundi aliangalia viganja vyake vyenye grisi isiyotoka. Kisha akasema, "Kiwanda kimeshatoa watoto saba. Kifungwe tu."

Alisema hivyo, lakini asubuhi ya upasuaji niliona vifungo vya shati vikimshinda kufungua. Baba ndiye aliyemalizia kuvifungua, akalikunja shati vizuri na kulishikilia kifuani mpaka rafiki yake akarudishwa wodini.

Fundi alirudi kazini, akastaafu salama, akahamia kwao ziwani na kuishi miaka mingi kuliko daktari alivyotarajia. Baba alimtembelea mara moja. Alikaa siku tatu, akalalamikia joto na mbu saa zote, na aliporudi akasema angekaa wiki nzima kama mwenyeji wake asingemshinda kila siku kwenye mchezo wa drafti.