Anatole Alivyomrudisha Joselyne Mtoni

Anatole hapa mjini Baraka hakuna asiyemjua: ni yule mrefu wa kamera, mwenye maneno mengi kuliko redio. Watoto kubeba mawe ya ujenzi kutoka mto Mutambala kulimkera kuliko sisi wote. Sisi tuliyanunua mawe hayo, tukajenga, tukalala usingizi mzuri. Yeye alisema atatengeneza filamu mpaka tuone haya.

Alimchagua Joselyne, binti wa Renilde, mkimbizi kutoka Burundi anayelima shamba la kukodi. Joselyne alibeba mawe kwa beseni kichwani, shule akiiona kwa mbali tu. Renilde alikubali binti yake apigwe picha kwa sharti moja: filamu ikitoka, kazi hiyo iishe.

Asubuhi ya kupiga picha, Joselyne alipanda kutoka mtoni na beseni lake, akapita mbele ya kamera vizuri kabisa. Lakini wingu lilikuwa limefunika jua.

"Joselyne, turudie, mutoto yangu," Anatole alimwambia.

Akashuka tena na mawe yaleyale, akapanda. Safari hii pikipiki ikakatiza mbele ya kamera. Akarudishwa tena. Alipopanda mara hiyo alikuwa amechoka, akakaa chini na beseni lake, akaiangalia kamera. Anatole alifurahi mpaka akapiga makofi.

Tuliitazama filamu jioni moja uani mwa kanisa, kwenye shuka jeupe lililotundikwa ukutani. Joselyne alipokaa chini, akina mama walilia. Fundi mmoja wa nyumba alisimama akaapa hatapokea tena jiwe lililobebwa na mtoto, na mafundi wenzake wakamfuata. Watu walipotulia, tukamsikia Joselyne mwenyewe, amejaa furaha, akiwaonyesha marafiki zake:

"Apa njo ile mara ya mwisho! Papa Anatole alinirudisha mutoni sababu jua ilikuwa imejificha. Nilichoka, mamaa!"

Wengine walicheka. Renilde hakucheka.

"Papa Anatole, ulimurudisha mutoto yangu na mawe?"

"Mama Joselyne, unisamehe. Nilitaka batu baone vile anateseka."

"Sawa. Baliona."

Akamshika binti yake mkono, wakaondoka.

Nilimwambia Anatole aikate sehemu ile, tena kwa ukali. Hakuweza. Kule Nundu na Ubwari alikoipeleka filamu, ni hapo hapo watu wanapoguswa na kuahidi kuacha kuwabebesha watoto mawe. Ikifika hapo, yeye hutoka nje akasimama karibu na jenereta mpaka ipite. Anajuta, na ninamwamini, maana siku hizi hata maneno yamempungua.

Joselyne sasa yuko shuleni, na sare yake ya bluu na nyeupe. Juzi tulikutana naye njiani, Anatole akiwa na kamera begani. Mtoto alisimama, akaweka mfuko wake wa madaftari chini, akauliza kwa heshima zote:

"Papa Anatole, leo tena tutarudia?"

Anatole alijibu hapana, akaificha kamera nyuma ya mgongo wake.