Mama Mkwe Kwenye Njia ya Ukutani

Miaka ile biashara ilipofunguliwa, Sumbawanga ilipata vitu vingi kwa mpigo: mitumba, redio za kaseti, soda za kutoka Zambia, na wapiga picha. Wapiga picha ndio walioleta balaa. Kabla yao, hakuna mtu mwenye akili timamu aliyekwenda ukingoni mwa bonde la Rukwa kujifurahisha. Watu walishuka Muze kwa sababu Muze kulikuwa na mchele na samaki, kisha wakapanda tena wakihema. Sasa mtu alivaa suti, akadandia pikapu, akaenda kusimama kwenye mwamba ili apigwe picha akiwa na anga nyuma yake.

Mahali penyewe tulipaita njia ya ukutani. Ilichongwa ubavuni mwa mwamba, upana wake kama kitanda cha mtu mmoja, na upande wa nje hakuna kitu mpaka bondeni. Ilisemekana waliichonga watu wa mradi fulani wa maji ili bomba lipite. Bomba halikupita. Tulipita sisi. Unaingilia upande mmoja, unazunguka kona, unatokea upande wa pili alikosimama mpiga picha. Jumatatu ya Pasaka palijaa kuliko kanisani.

Mama mkwe wangu alitoka huko bondeni, kwa Wasukuma waliohamia Rukwa na ng'ombe wao. Mimi ni Mfipa wa Pito, nimekuzwa kwa ugali wa ulezi na misa za asubuhi, na wakati huo, baada ya chama cha ushirika kuona kuwa hakinihitaji, niliuza vipuri vya baiskeli sokoni. Kwa mtu mwenye ng'ombe, hiyo si kazi, ni maradhi. Lakini alilivumilia hilo. Kilichomleta ni tumbo la mwanawe. Tulikuwa tumeoana muda wa kutosha kwa watu kumsalimia mke wangu huku wakimtazama kiunoni. Mama alipanda Ijumaa Kuu kuja kumchukua arudi nyumbani akatafutiwe dawa, na sote tulijua kwamba waliochukuliwa kwa ajili ya dawa hawakurudi kwa waume zao. Mke wangu aliniambia jikoni, akimenya viazi. Niliogopa. Sina neno jingine la kuliweka hapo.

Lori la Muze lilikuwa halisafiri hadi Jumanne. Mke wangu akapendekeza Jumatatu tumpeleke mama njia ya ukutani, akawaone ng'ombe wake kutoka juu. Nadhani alitaka tu siku ipite. Mama alikubali kwa sababu ya ng'ombe.

Hapa lazima nieleze jambo. Kwao, mama mkwe na mkwe wa kiume hawatazamani, hawagusani, hawasemeshani. Wakikutana njiani, mwanamume anatoka pembeni na kugeuka mpaka mama apite. Kwa heshima hiyo nimewahi kuingia katika mahindi ya watu, katika mtaro, na siku moja katika karakana ya majeneza, ambako nilipokewa vizuri sana. Mazungumzo yetu yote yalipitia kwa mke wangu, hata tukiwa ua mmoja. Aliyebuni desturi hiyo bila shaka aliishi kwenye tambarare.

Tukaingia. Mke wangu mbele, mama nyuma yake, mimi nyuma yao, nimeacha nafasi ya adabu, na nyuma yangu foleni ya watu wa Pasaka. Mke wangu akapinda kona. Mama akafika karibu na kona, akatazama chini kuwatafuta ng'ombe wake, akaliona bonde lote lilivyo. Akageukia mwamba, akaukumbatia, akafumba macho. Hakupiga kelele. Hakusogea tu.

Kutoka ule upande wa pili kulikuwa kumeingia wanakwaya wa kigango fulani, na gitaa lao. Walijazana konani, mke wangu akabaki nyuma yao. Hakuna aliyeweza kumpita mwenzake. Ukungu ukaanza kupanda kutoka chini, na mawe yakaanza kulowa.

"Shikamoo, mama," wakasema wanakwaya. Kwetu Ufipa hata aliyetumbukia kisimani husalimiwa kwanza.

"Marahaba," akajibu mama, macho kayafumba. Alimjibu kila mmoja.

"Mshikaji, vipi huko mbele?" kijana mmoja akauliza nyuma yangu. "Si umshike mkono mama yako?"

"Si mama yangu. Ni mama mkwe."

"Ahaa," akasema, na habari ikapelekwa nyuma, mtu kwa mtu. Mzee mmoja alisema uhai kwanza. Mwingine alisema hata uhai una adabu yake. Mjadala ulikuwa wa maana, ila ukungu haukuungoja.

Nikavua koti langu la mtumba. Nikageuka, nikampa mgongo, nikashika mkono mmoja wa koti na kuurusha ule mwingine nyuma. Nilingoja. Halafu koti likavutwa. Watu wote nyuma wakaanza kurudi kinyumenyume, nasi tukafuata.

"Jiwe," ilisema sauti nyuma yangu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuisikia sauti ile ikija upande wangu. "Mwambie mtu huyo asivute."

Nikautazama mwamba. "Jiwe, mwambie mama sivuti."

Tukaenda kidogo.

"Jiwe, muulize. Nikimchukua mtoto wangu, atafanya nini?"

Nilitamani kusema jambo la kiume. Halikuja. "Jiwe, mwambie mama nitafunga duka nimfuate. Nitakaa nje ya ua wao mpaka wanichoke. Mtoto akija, tutamshukuru Mungu. Asipokuja, mimi nilimtaka binti yake."

Vijana waliokuwa mbele yangu walijifanya kutazama mawingu.

"Jiwe, muulize kama kwao hawamsemi mwanangu."

"Wanamsema. Mama yangu mzazi humsema kila Jumapili, mbele za wageni."

"Na mtu huyo husema nini?"

"Jiwe, mwambie mama kwamba nimeacha kula kwa mama yangu."

Koti likakaza, nikadhani ameteleza. Hakuwa ameteleza. Alikuwa amesimama. Kisha tukaendelea, na jiwe halikuulizwa tena kitu.

Tulipotokea kwenye majani, niliachia koti na kwenda kusimama mbali. Mke wangu alikuja mbio kwa njia ya juu, viatu mkononi, uso umelowa.

"Mama! Umetokaje? Mmesemezana?"

"Nisemezane na mkwe?" Mama alikung'uta kanga yake. "Huko kwenu mjini ndivyo mnavyofanya?"

Halafu akasema, "Kesho uwahi kwenye lori, uniwekee nafasi ya mtu mmoja."

"Ya mmoja, mama?"

"Kwani mimi ni wangapi?"

Mke wangu alikaa chini kwenye majani yaliyolowa akalia kwa sauti. Nilitaka sana kwenda kumshika, lakini mama yake alikuwa amesimama pale pale karibu naye, kwa hiyo nilibaki nilipo, nimegeukia upande mwingine, kama inavyotakiwa.