Bei za Brashi

Mpaka leo nikiona brashi ya shisha dukani napita upande wa pili. Watu huniuliza brashi imenikosea nini.

Nilikuwa mfanyakazi wa ndani Al-Nuzha, Jeddah, kwa madam mmoja aliyeishi na mama yake mzee. Bibi huyo alivuta shisha kila baada ya alasiri, na chupa yake ya kioo aliirithi kwa mamake. Kuiosha ilikuwa kazi yangu. Sabuni ni mwiko, maana harufu yake hubaki na bibi huijua kwa pumzi ya kwanza. Unatia chumvi na siki, unaziba mdomo wa chupa kwa kizibo cha mpira, unatikisa, halafu unasugua kwa brashi ndefu mpaka kioo king'ae. Brashi na vizibo niliagiza mwenyewe kwa simu, kutoka duka moja la Sulimaniyah, Riyadh, ambalo madam aliliona mtandaoni akalipenda.

Mara ya kwanza waliniletea brashi fupi isiyofika kitako cha chupa. Nikawatumia ujumbe wa sauti kwa Kiarabu changu cha kuokoteza, na kabla sijaachia kidole nikamalizia kwa Kiswahili: "Mijitu mingine bwana! Brashi hii ni ya meno ya ngamia!"

Jibu likaja kwa Kiswahili laini cha Tanga. "Samahani sana, dada. Ngamia mwenyewe aliikataa, ndiyo tukakuletea wewe."

Nilicheka peke yangu jikoni hadi bibi akaita kuuliza kuna nini.

Basi tukaanza hivyo, mimi na muuzaji yule. Simu aliyotumia ilikuwa ya duka. Yake ilivunjika na alikuwa hajanunua nyingine. Bosi akiwa karibu hakuweza kusema neno, kwa hiyo alinitumia picha za brashi na bei zake. "Ukiona bei," aliniambia, "ujue nipo, nakuwaza, ila bosi amenikodolea macho." Nikawa napokea bei za brashi kama wenzangu wanavyopokea mashairi. Nikaagiza na za ziada ili tupate la kuzungumza, mpaka siku moja madam akafungua kabati akaniuliza kama nimefungua duka.

Kisha muuzaji wangu akaniposa. "Mikataba yetu ikiisha, dada, nije kwenu Mombasa na wazee wangu?"

Nilimwambia ngoja nimuulize mama. Kwetu mtoto wa kike haitikii posa siku ileile, hata kama moyo umeshafunga mizigo.

"Muulize upesi," akasema. "Huku mambo yanageuka. Kazi za kaunta wanapewa wenyeji."

Ilikuwa miaka ile wanawake wanaanza kuendesha magari, masinema yanafunguliwa, na kila mtu anasema nchi inafunguka. Sikulitia maanani neno lake. Mama naye alitaka kwanza wajomba wakae, na wajomba zangu kukaa wanajua, kuinuka ndiyo shida. Jibu lilipofika nilijifungia chumba cha kufulia nikarekodi: "Mama amekubali. Na mimi nimekubali. Njooni."

Akajibu kwa picha ya brashi na bei. Nikacheka. Bosi yupo, nikajisemea. Kesho yake nikamwambia leso ninazozitaka, zikaja bei. Nikamweleza nani atanipaka hina, bei tena. Mwezi mzima wa Shaabani nilizungumza na simu ile kwa furaha ambayo sijaipata tena.

Ndugu yake madam alipoolewa Riyadh, tulifikia hoteli moja ya Olaya. Nikamwomba madam anipitishe Sulimaniyah kununua vizibo. Aliendesha mwenyewe, akanisubiri garini. Nilikuwa nimepaka wanja.

Kwenye kaunta alisimama Msaudi, mtu mpole. Nilimuuliza yule Mtanzania.

"Safar," akasema. "Halas." Kasafiri, basi.

Tangu lini? Tangu Rajabu, mwezi mmoja kabla ya Shaabani, mama hajanipa jibu. Wakaguzi wa ajira walikuja, na siku hiyohiyo bosi akamwondoa kaunta, akamnyang'anya simu na kumrudisha kwao. Huyu Msaudi ndiye aliyekabidhiwa simu ile. Kwake nilikuwa mteja wa Jeddah anayetuma sauti kwa lugha asiyoielewa, naye kila mara akanitumia picha ya brashi na bei.

Ameacha namba? "Mafi." Hakuna.

Yangu ilikuwa ndani ya simu ile, na yake sikuwahi kuwa nayo. Nimemtafuta mtandaoni miaka yote hii. Jina lake wanalo nusu ya wanaume wa Tanga.

Msaudi yule alitaka kunisaidia. Akafungua ujumbe mmoja ili nimwonyeshe niliagiza nini, na sauti yangu ikajaa dukani: "Mama amekubali. Na mimi nimekubali. Njooni."

Nililia mbele yake bila aibu. Akangoja nitulie, kisha akaniuliza taratibu nataka brashi ya ukubwa gani.